Familia ya mpwa wangu haimo kwenye magazeti

Najua wengine mnasoma hapa huku mnaangalia saa ya kafe, nusu saa yenyewe inakimbia na nyuma yako kuna mtu anasubiri kiti. Kwa hiyo nitajitahidi nisizunguke sana. Ila hili jambo limenikaa kichwani tangu Jumapili, nimeona bora niliandike kuliko kuongea nalo peke yangu.

Nina dada yangu hapa Songea, mtoto wa mama mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada tu, hakuna cha binamu. Ameolewa na Mjerumani, fundi wa umeme, jamaa mmoja mpole sana. Wana binti wa miaka tisa. Huyo ndiye mpwa wangu, na mimi ndiye mjomba wake, na kazi za mjomba mnazijua: kununua pipi na kusaidia kazi za shule.

Sasa mwalimu aliwapa kazi. Kata picha kwenye magazeti ya zamani, bandika kwenye daftari, andika chini yake: "Hii ni familia yangu." Kazi ya kawaida kabisa, hata mimi nimewahi kuifanya. Nikamtolea lundo langu lote la magazeti, majarida, kalenda na vipeperushi vya mitandao ya simu. Akakaa kwenye mkeka barazani na mkasi, saa nzima kimya. Baadaye akaja.

"Mjomba, hamna."

"Hamna nini?"

"Hamna sisi."

Nikadhani hajatafuta vizuri. Nikakaa naye chini, tukapekua upya. Jamani, kweli hamna. Kuna familia za watu weusi zinatabasamu mbele ya akaunti ya benki. Kuna familia za Wazungu ziko kwenye ndege au zinapiga picha tembo. Familia moja yenye hawa na hawa, wamekaa meza moja wanakula, sikuiona. Mwishowe mtoto akafanya la kwake: baba akamkata kwenye jarida la utalii, mama kwenye tangazo la sabuni, akawabandika pamoja. Mtoto wa katikati hakumpata popote, akajichora mwenyewe kwa penseli za rangi.

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Usiku nikaanza kujiuliza. Hivi hapa kwetu, nani anaandika habari za familia kama hii? Nikifikiria vizuri, naona wanaandikwa sehemu tatu tu. Ya kwanza ni udaku: "Mrembo fulani anasa kwa Mzungu!" Ya pili ni ofisini, kwenye mafaili ya uhamiaji. Ya tatu ni midomoni mwa watu. Na midomo yetu ina maneno! Chotara. Shombeshombe. Nusu kasti. Mzungu koko, kama mbwa koko. Pwani kuna suriama, neno linalotokana na suria, mwanamke wa nyumbani ambaye hakuwa mke. Majirani zetu Wakenya wana pointi faivu, yaani binadamu nusu. Lugha yetu ni tajiri, lakini hebu nitafutie humo neno moja ambalo mama anaweza kumwita mwanawe bila mtoto kuumia. Hata "chotara", ambalo wengine wanalitumia bila ubaya, watu walishalitumia sana kwa kuku na ng'ombe.

Wamarekani walishakutana na tatizo hili, na walichofanya ni kuanzisha majarida. Mwaka 1989 lilianza jarida linaloitwa Interrace, la wanandoa wa rangi mbili. Mwaka 1995 Charles Byrd akaanzisha Interracial Voice, hilo la kwenye intaneti. Mwaka 1999 kijana wa chuo aliyeitwa Matt Kelley, wa umri wenu ninyi mnaonisoma, miaka 19 tu, akaanzisha jarida la MAVIN kwa ajili ya vijana wa damu mchanganyiko. Hayo magazeti hayapo tena. Lakini kwa nini yalizaliwa? Kwa sababu kwao jambo hili lilikuwa kosa la jinai juzijuzi tu. Richard na Mildred Loving, mume mweupe na mke mweusi, walifunga ndoa mwaka 1958 mjini Washington. Waliporudi kwao Virginia polisi wakawafuata usiku chumbani. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi na wakashinda tarehe 12 Juni 1967. Siku hiyo bado majimbo 16 yalikuwa na sheria za kukataza ndoa kama yao. Fanya hesabu: Barack Obama alikuwa tayari ana miaka mitano, na baba yake Mjaluo na mama yake wa Kansas walikuwa wameshaoana na kuachana.

Kuna mtu atasema, hayo ni ya Wamarekani na ubaguzi wao, sisi huku hatujawahi kuwa hivyo. Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi tunayo historia yetu na haifundishwi.

Mnamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari? Ni mtu wa Bagamoyo. Kama umewahi kusoma kuhusu desturi za Waswahili wa zamani, basi umekula jasho lake, maana ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, Desturi za Wasuaheli. Alikuwa Berlin tangu 1900 akiwafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1904 akamwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Ndoa halali, Berlin hapohapo. Mwaka 1905 akamchukua mkewe waje nyumbani. Walipofika huku pwani, serikali ya kikoloni ikawazuia wasishuke pamoja kama mume na mke. Mtu anarudi kwao, nchi ya baba zake, anaambiwa wewe na mkeo hamkanyagi hapa. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Angalieni mwaka huo: 1905. Ndio mwaka Majimaji ililipuka. Na mwaka 1906, mwaka uleule Wajerumani waliponyonga hapa mjini wazee wetu zaidi ya 60, Nduna Songea Mbano akiwa mmoja wao, ndio mwaka serikali yao ilipopiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na wenyeji katika koloni hili. Sisemi kwamba kitanzi na cheti cha ndoa ni kitu kimoja, hapana. Nasema vilitoka serikali moja na fikra moja: huyu mweusi anaweza kubeba mzigo wangu, anaweza kunifundisha lugha yake, lakini hawezi kuwa shemeji yangu.

Na si Wajerumani peke yao. Waingereza mwaka 1909, kupitia waraka wa Waziri wa Makoloni, Lord Crewe, waliwaonya maofisa wao wasiishi na wanawake wa makoloni, baada ya kashfa moja iliyotokea Kenya. Hawakutunga sheria ya ndoa kama Wajerumani, wao walimaliza mambo kwa waraka wa siri na kumkatia mtu cheo. Matokeo yake mnayajua: watoto walizaliwa tu, ila baba hakuandikwa.

Mwingine ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alipigana vita vya kwanza upande wa Wajerumani akiwa mtoto, akaenda Berlin, akafanya kazi ya uhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili, akacheza filamu. Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner. Mwezi huohuo Hitler akashika madaraka. Mwaka 1941 Husen alikamatwa kwa kosa la "kuchafua rangi", yaani uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen na akafia humo Novemba 1944. Mbele ya nyumba aliyokaa Berlin kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, kiliwekwa 2007. Sijui ni wangapi hapa Songea wamewahi kusikia jina hilo. Mimi nilisoma hadi kidato cha sita sikulisikia.

Haya, msinielewe vibaya. Wabaya si Wazungu tu. Zanzibar mwaka 1970 watawala walipita njia ya kinyume kabisa. Wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, na maelezo yakawa kwamba tunavunja ubaguzi. Hiyo nayo ni serikali kuingia chumbani kwa watu. Kuchanganya damu kwa mtutu si usawa. Mkoloni aliyemkataza Mtoro na mkubwa aliyemlazimisha yule msichana wamefanya kosa moja: wote wawili hawakumuuliza mwenye moyo.

Kwa upande wa Bara, lazima tumpe Mwalimu haki yake. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kulikuwa na mjadala mkali bungeni kuhusu uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uende kwa rangi, mweusi kwanza. Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali hilo. Kumbukeni nchi hii wakati ule ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila mtu na lake, mpaka zilipounganishwa Januari 1962. Kwa hiyo mpwa wangu anasoma darasa moja na watoto wa Kingoni na Kimatengo kwa sababu kuna watu waligombana kwa ajili yake miaka zaidi ya hamsini kabla hajazaliwa.

Sasa tuje leo. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiulizi rangi. Hapo tuko safi. Lakini nenda kwenye Sheria ya Uraia ya 1995. Mwanamume wa Kitanzania akioa mgeni, yule mke ana haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mwanamke wa Kitanzania akiolewa na mgeni, mumewe hana njia hiyo, apite njia ndefu ya miaka ya ukaazi kama mgeni mwingine yeyote. Maana yake ni hii: mimi nikimuoa Mjerumani kesho, nchi inamkaribisha mke wangu. Dada yangu ameolewa na Mjerumani, nchi inamwambia mumeo ni mgeni. Tumenyonya mabibi walewale, tumekulia kijiji kimoja.

Halafu kuna mtoto. Kwa sasa ana uraia wa pande zote mbili. Akifika miaka 18 Tanzania itamwambia achague: kana ule wa Ujerumani au poteza huu. Wajerumani hawamdai achague, na tangu Juni 2024 hata watu wazima wanaowaomba uraia hawalazimishwi kuacha wa kwao. Anayemdai ni sisi, nyumbani. Mpango wa kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania ni hatua, sikatai, ila hadhi si uraia. Mtoto wa miaka tisa hajui hayo. Mama yake anajua, na hana mahali pa kusoma kwa Kiswahili cha kawaida afanye nini, aanze lini, apeleke karatasi gani. Anauliza watu. Huyu anamwambia hivi, yule anamwambia vile.

Ndio maana nasema suala la jarida si la urembo. Wengi wakisikia "jarida la wanandoa wa rangi mbili" wanaona picha za harusi Zanzibar, bibi harusi mchangani. Nitawapa mfano mmoja wa kuwazindua. Lile jarida la MAVIN lilizaa taasisi, na moja ya kazi zake ilikuwa kutafuta watu wa kujitolea uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Mgonjwa wa saratani ya damu anaweza kuhitaji uboho wa mtu anayefanana naye kitishu, na mara nyingi anayefanana hupatikana kwa watu wa asili yake. Sasa mgonjwa mwenye asili mbili atampata wapi? Wakaandika na kuhamasisha watu wa damu mchanganyiko wajiandikishe. Jarida likageuka suala la uhai.

Nilipomweleza haya rafiki yangu mmoja, mwalimu, akanipinga vizuri sana, na nataka niwe mkweli kwenu. Alisema: "Wewe unataka kuleta kabila jipya. Sisi Tanzania tumekaa salama kwa kutokuhesabiana. Leo gazeti la machotara, kesho chama cha machotara, keshokutwa wanataka mbunge wao."

Hoja yake ina uzito. Sensa yetu ilishaacha kuuliza watu makabila na asili zao, mara ya mwisho ilikuwa 1967, na hilo limetusaidia. Huko Marekani kwenyewe miaka ya tisini waligombana. Watu wa damu mchanganyiko walitaka kisanduku chao kwenye fomu ya sensa, na chama kikubwa cha kutetea weusi, NAACP, kikapinga, kikiogopa idadi ya weusi itapunguzwa kwenye makaratasi. Mwishowe sensa ya 2000 haikuweka kisanduku kipya, ila ikaruhusu mtu atie alama zaidi ya moja. Watu milioni 6.8 wakafanya hivyo. Mwaka 2020 walikuwa milioni 33.8.

Kwa hiyo sitaki kisanduku. Rafiki yangu ameshinda hapo. Lakini kutohesabu ni kitu kimoja na kutoona ni kitu kingine. Hatuhesabu viziwi kama kabila, lakini tukiwasahau kwenye taarifa ya habari tunajua tumekosea. Na mtoto aliyekosa picha yake kwenye lundo la magazeti hajaomba mbunge. Ameomba picha moja.

Kitu kingine, tukisema "rangi mbili" tunaona Mzungu tu. Hebu tembea nchi hii. Kuna watoto wa Kigiriki na Kiafrika tangu enzi za mashamba ya mkonge. Kuna familia za Kihindi na Kiafrika ambazo upande mmoja hautaki kuutaja upande wa pili. Kuna nusu ya pwani yetu na Oman, ambako mtu anakuwa Mwarabu akiwa Zanzibar na "Mzanzibari" akifika Maskat. Kuna watoto wa Kichina wanaokua sasa hivi kwenye miji yetu. Jarida la kweli lingekuwa na hao wote, na lingekuwa na ukweli mchungu pia. Wapo wanaooa kwa ajili ya viza. Wapo wazee wa Ulaya wanaokuja pwani ya Mombasa na Unguja kununua ujana wa watu. Kunyamaza kuhusu hao ndiko kunakomfanya kila anayemwona dada yangu sokoni na mumewe adhani ni biashara. Siku moja kwenye foleni ya zahanati dada aliulizwa mbele za watu kama huyo mtoto ni wa bosi wake. Yaani alionekana yaya wa mwanawe mwenyewe.

Uwezo tunao. Mkoa huu si mgeni wa uchapaji. Pale Peramiho, kilomita ishirini na kitu tu kutoka hapa mjini, ambako Wabenediktini waliingia 1898, vilichapwa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa nchi nzima, pamoja na jarida la Mwenge. Ila watawa hawaoi, kwa hiyo habari za mashemeji msizitegemee kwao! Na siku hizi huhitaji mtambo. Kurasa mbili kwa mwezi ndani ya gazeti lililopo zinatosha: moja ya sheria na makaratasi, moja ya maisha ya watu, na picha wakila chakula kama watu wengine. Mimi jarida la peke yao silihitaji sana. Ningependa wawe ndani ya magazeti yetu haya haya, ukifungua unawakuta, hushangai.

Nimalizie na hili. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akakutana na ukoo wa Songea Mbano na akaomba msamaha kwa yale ya Majimaji. Siku ile mtaani kwetu watu walimuuliza shemeji kwa utani kama naye amekuja kuomba msamaha. Akajibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha kwamba yeye amekuja kula ugali, lakini msamaha naye anaomba. Wazee wakacheka, wakamsogezea kiti. Binti yake alikuwa amekaa mapajani mwake. Hakuna gazeti lililokuwepo pale barazani, na sidhani kama lingeona kuna habari.

Daftari lilirudi Jumatano. Mwalimu ameweka alama ya vema, na chini ameandika, "Picha ya mtoto umeichora vizuri, lakini nilisema mkate." Mpwa wangu ananiuliza amjibu nini mwalimu.

Nimekosa la kumwambia. Wadau, hasa ninyi mliokulia kwenye nyumba za namna hii, hebu nisaidieni. Nawasoma hapo chini.